Daftari Nililompa Ratemo

Birongo, Jumapili alasiri

Moraa mwanangu,

Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za kadi ya hospitali na za watu wa stendi wanaojifanya ndugu. Sitazirudia. Mimi nina jambo moja tu la kukuambia kabla hujaondoka kesho kwenda chuo kikuu, nalo nimelinyamazia kwa miaka minne. Juma hili nimejaribu kulisema kwa mdomo mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa unafua, nikajiambia kwamba una kazi. Mara ya pili ulikuwa unacheka na mama yako jikoni, nikarudi nyuma kimyakimya kama mtu aliyekosea mlango. Kwa hiyo naandika.

Jambo lenyewe ni hili. Kwamboka hakutusaliti. Mtu aliyelitoa daftari la chama chetu cha sayansi, likaingia mikononi mwa shule nyingine, ni mimi baba yako. Kwamboka alilibeba kwa sababu nilimtuma. Wewe ulimwacha rafiki yako kwa kosa langu, nami nilikutazama ukimwacha.

Sasa ukitaka kuikunja karatasi hii, ikunje. Lakini ningependa uyajue mambo kwa mpangilio wake, maana nimekuwa nikikulaumu moyoni kwa ukali wako, ilhali ukali huo ulilishwa na kimya changu.

Unajua jinsi nilivyopewa chama kile. Mwalimu wa fizikia alihamishwa katikati ya muhula, na mwalimu mkuu wa wakati ule akanikabidhi funguo za stoo ya sayansi kwa sababu moja tu: nilijulikana kwa kutopoteza funguo. Mwalimu wa Kiswahili akawa mlezi wa chama cha sayansi. Wenzangu walifurahi sana katika chumba cha walimu. Mmoja aliniuliza kama mashine zangu zitakuwa za ngeli ya KI-VI au ya I-ZI. Nilimjibu kwamba mashine ni I-ZI, na kwamba mwalimu mzima hapaswi kuuliza swali la darasa la tano. Lakini maneno yake yaliniuma, na nadhani ndiyo yaliyonifanya nikishike chama kile kwa mikono miwili.

Mlikuwa watano. Nilipanga tukutane Jumamosi, nikasahau kwamba mimi mwenyewe ni Msabato. Nikahamishia Jumapili, Wakatoliki wawili wakakosa. Tukaishia Jumatano baada ya masomo, na hapo wazazi wakasema siku hiyo ndiyo ya kuchuma chai. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiwaeleza kwa Ekegusii kwamba watoto hawachezi. Baba mmoja aliniuliza kama mashine yetu itachuma chai. Nilimwambia bado. Akasema, "Basi ikianza kuchuma utanijulisha, na mimi nitamleta mtoto." Hata hivyo alimleta juma lililofuata, akaketi nyuma ya darasa hadi mwisho, na alipokwenda nyumbani alikuwa ameturekebishia mguu wa meza.

Vifaa tuliomba. Binamu ya mama yako, aliyekuwa muuguzi Nyamira, alitupatia mabomba ya sindano yaliyopitwa na tarehe, mapya katika karatasi zake. Bwana Shah wa duka la vifaa vya umeme mjini Kisii alitupa nyaya alizosema zimeliwa na panya, ingawa sikuona alama ya jino hata moja. Keroka tulipata mota ya waipa kutoka kwenye lori lililokufa. Kwa vitu hivyo mlitengeneza mkono. Maji yalisukumwa katika bomba moja, yakapita kwenye mrija, yakalinyanyua bomba la pili, na kidole cha mbao kikakunjika. Wewe ndiwe uliyeifunga ile mota ikayasukuma mabomba kwa zamu, mkono ukainama, ukashika kikombe, ukakiinua, ukakiweka kando, bila ya mtu kuugusa. Kwamboka ndiye aliyegundua kwa nini ulikuwa ukilegea: hewa ilikuwa imeingia kwenye mrija. Alikesha na tatizo lile kichwani, akaja asubuhi akaijaza mirija ndani ya karai la maji, na mkono haukulegea tena.

Alikuwa akiuita roboti. Nilimwambia neno hilo halimo katika kamusi yangu.

"Basi kamusi yako imezeeka, Mwalimu," alisema, na mlicheka wote, nami nikajizuia.

Katika mwaka wa pili mlikuwa ishirini na wawili. Ilinibidi kuwagawa katika vikundi, kila mkongwe amfundishe mgeni jambo moja kabla ya yeye mwenyewe kufundishwa jipya. Utaratibu huo haukutoka kwenye kitabu chochote. Ulitokana na ujinga wangu, maana mimi nisingeweza kuwafundisha kitu. Nilichoweza ni kuwapa majina. Kila kipande cha mkono ule nilikipa jina la Kiswahili, nikaliandika katika daftari kando ya michoro yako na vipimo vya Kwamboka. Pale ambapo lugha haikuwa na neno, nililiunda. Ule ukanda wa mpira wa tyubu uliokivuta kidole kirudi mahali pake niliuita kirudishi. Nililitazama neno hilo kwenye karatasi kama mtu anavyomtazama mtoto wake wa kwanza. Sisemi hivi kwa fahari. Nasema ili uelewe nilivyokuwa.

Ratemo unamjua. Tulisoma naye chuo cha ualimu, tukalala chumba kimoja miaka miwili, akawa msimamizi wa harusi yangu. Alipokwenda kufundisha fizikia katika ile shule kubwa ya bweni upande wa Keroka, sikumwonea wivu. Lakini katika mazungumzo yetu alikuwa na desturi ya kusema kwamba sayansi haiwezi kusemwa kwa Kiswahili, kwamba sisi wa lugha ni watu wa insha na mashairi. Alisema akitabasamu. Kila aliposema, nilikwenda nyumbani nikiijibu hoja yake njia nzima peke yangu.

Wewe ulikuwa umekataza daftari lisitoke stoo hadi siku ya mashindano ya sayansi mjini Kisii. Ulilisema mbele ya wote, ukanitazama mimi pia. Niliona kwamba mtoto wangu ananifundisha tahadhari, na jambo hilo halikunipendeza. Siku tatu baadaye nililifunga daftari katika gazeti, nikamwita Kwamboka, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa njia ya kule, nikamwambia alipeleke kwa Mwalimu Ratemo. Nilimwambia pia asikuambie wewe. Aliniuliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba mwanafunzi hatumwi huku akihoji.

Nilitaka Ratemo asome maneno yangu. Hiyo ndiyo sababu yote, Moraa. Nimeitafuta nyingine kwa miaka minne, iliyo nzito zaidi, sijaipata. Nilitaka mtu mmoja aliyesoma fizikia aseme kwamba nimeweza.

Alilirudisha baada ya siku nne, na kikaratasi ndani: "Maneno mazuri sana, ndugu yangu. Umenifumba mdomo." Nilitembea na kikaratasi hicho mfukoni hadi siku tuliyokwenda Kisii.

Siku yenyewe huhitaji kukumbushwa, ila nataka ujue nilichokiona kutoka kiti changu. Shule ya Ratemo ilitangulia. Walipoondoa shuka mezani, palikuwa na mkono wetu. Wao walikuwa wameuunda kwa mabati yanayong'aa, na mota yao ilikuwa mpya, lakini viungo vilikuwa vyetu na zamu za mabomba zilikuwa zako. Chati yao ilikuwa ya Kiingereza tangu juu hadi chini. Kila jina nililolitunga walikuwa wamelitafsiri, isipokuwa moja. Lile hawakulipata katika kamusi, kwa kuwa halikuwamo, basi wakaliacha lilivyo. Katikati ya Kiingereza kile chote, kando ya mshale mwekundu, palikuwa pameandikwa kirudishi.

Mwamuzi mmoja aliuliza ni kitu gani hicho. Kijana wao alisita, kisha akasema ni springi inayotoka Japani.

Ulinigeukia. "Baba, hilo neno ni letu," ulisema kwa sauti ya chini. Nilisema najua.

Zamu yetu ilipofika, waamuzi hawakungoja kikombe kiinuliwe. Walisema tumeiga kazi ya shule iliyotangulia, na tena tumeiga vibaya, kwa mbao. Uliwaambia kwamba sisi ndio tulioanza. Walimuuliza mlezi kama ana la kusema. Mlezi ni mimi. Ratemo alikuwa ameketi safu ya mbele, mikono imekunjwa, na hakunitazama hata mara moja. Ningesimama na kusema: mtu huyu nilimpa daftari letu, na kikaratasi chake hiki hapa mfukoni mwangu. Ushahidi ulikuwa juu ya paja langu. Lakini kuutoa kulikuwa ni kukiri mbele ya ukumbi, na mbele yako, kwamba nilikuwa nimeivunja amri ya mtoto wangu ili nisifiwe. Nilisema sina la kuongeza.

Nimesalitiwa, Moraa. Naliandika neno hilo bila kulipunguza. Mtu aliyenishikia pete ya harusi aliila kazi ya watoto wangu na kufuta mdomo. Sabato iliyofuata alinipa mkono mlangoni pa kanisa, nikamuuliza kwa nini. Hakukasirika. Hakuona haya pia.

"Uliniletea nisome," alisema, "nikasoma. Sasa kosa langu ni lipi, ndugu yangu?"

Mwaka ule ule alifanywa naibu wa mwalimu mkuu. Kila Sabato bado husimama mbele yetu kanisani akifafanua somo, na bado nainamisha kichwa kwenye Biblia ili nisiuone uso wake. Sijamsamehe. Nilidhani ningekuwa nimemsamehe kufikia umri huu, na nisingependa kukudanganya juu ya hilo pia.

Lakini usaliti wa Ratemo ulinifaa, na hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Maadamu nilikuwa nimetendewa ubaya mkubwa kiasi hicho, sikulazimika kuutazama wa kwangu. Nilikuwa nikikaa ndani ya uchungu ule kama mtu aliyejikinga mvua.

Sasa ofisini. Jumatatu ile baada ya mashindano, mtu alikuwa amemwambia mwalimu mkuu kwamba Kwamboka alionekana kwenye lango la shule ya bweni na kifurushi cha gazeti. Aliitwa. Wewe pia uliitwa, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mlezi. Ulisimama karibu na mlango. Mwalimu mkuu alimuuliza kama ni kweli. Kwamboka hakukana. Alinigeukia mimi, akaanza: "Mwalimu, hiyo daftari nilipewa..."

"Sema daftari hilo," nilimwambia.

Nilikuwa nimemsahihisha mara elfu, darasani na stoo, na kila mara alikuwa akirudia sentensi yake ikiwa sawa, kisha akaendelea. Siku ile hakurudia. Alinitazama kwa muda, na niliona jinsi alivyoelewa kwamba sikuwa nasahihisha ngeli. Baada ya hapo hakusema neno lolote, si la ndiyo wala la hapana. Mwalimu mkuu alichukulia kimya chake kuwa jibu.

Mimi niliyewafundisha nyote kwamba lugha ni ya kusemea kweli, niliitumia kanuni ya sarufi kumziba mtoto mdomo. Kanuni ilikuwa sahihi. Daftari ni LI-YA. Sijawahi kusema jambo sahihi lililokuwa baya kama lile.

Wewe ulimwambia kwa Ekegusii kwamba hamtaketi dawati moja tena. Alisimamishwa masomo wiki mbili, aje na mzazi. Mama yake alikuja peke yake, akiwa na leso yake ya kanisani, akasema binti yake amekataa kurudi mahali anapoitwa mwizi. Mwalimu mkuu aliandika kwamba ameacha kwa hiari. Kidato cha tatu, fizikia akiwa wa pili nyuma yako kwa alama mbili.

Nami nikaifunga stoo. Niliwaambia wale ishirini waliobaki kwamba sayansi imetuletea aibu na kwamba wakasome vitabu. Baba yule wa chai alinijia kuuliza kwa nini. Nilimwambia vifaa vimekwisha. Ulilia kwa sababu ya Kwamboka, kisha ukaacha kulia, ukasoma kwa hasira, na hasira hiyo imekufikisha chuo kikuu kusomea uhandisi. Watu wananipongeza. Nawashukuru, na kila pongezi inanirudisha ofisini pale.

Mwezi uliopita mwalimu mkuu mpya aliniomba nikifungue tena chama. Watoto wa kidato cha kwanza wamesikia habari za mkono ule kwa kaka zao, na wamekuwa wakichungulia dirisha la stoo. Nilikuwa karibu kukubali kwa haraka. Kisha nikajiona nikiwaketisha watoto wengine kwenye meza ile, nikiwaambia waaminiane, waandike kila kitu katika daftari moja. Nilimwomba anipe siku chache.

Ijumaa nilikwenda Kisii. Kwamboka yuko katika duka la Bwana Shah, huenda ulijua, huenda ulikuwa ukipita upande wa pili wa barabara. Anatengeneza redio na pasi. Ana meza yake mwenyewe nyuma, karibu na dirisha, na Bwana Shah aliniambia kwa sauti kubwa, ili asikie, kwamba huyu akiondoka yeye atafunga duka arudi kuuza vitambaa. Kwamboka alinikaribisha kwenye kibao. Hakuacha kazi. Nilimwambia yote niliyokuandikia, kwa mpangilio huu huu, hata habari za kikaratasi. Alikuwa akifungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye kifuniko cha Blue Band.

Nilipofika kwenye ofisi aliinua mkono kunizuia.

"Usinieleze mimi, Mwalimu. Mimi nilikuwepo," alisema. "Kamweleze Moraa."

Nilimuuliza kwa nini hakuitamka kweli siku ile, hata baada ya mimi kumkatiza. Alisema alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Alidhani nitasema kabla ya kengele ya chakula. Halafu akadhani nitakwenda kwao jioni. Alisema mama yake alipika chai ya wageni siku mbili mfululizo.

Nilimuuliza kama unaweza kwenda kumwona kabla ya safari. Alisema duka ni la watu wote, ila ukienda usimlilie mbele ya wateja, maana Bwana Shah atadhani amekuuzia pasi mbovu. Kisha akacheka kidogo, kicheko chake kile kile, na mimi nikatoka haraka kuliko ilivyo adabu.

Nilimwambia mama yako jana, Sabato ilipokwisha, baada ya jua kuzama. Aliendelea kumenya ndizi hadi zikaisha. Akasema, "Umechelewa. Lakini andika."

Huko uendako utafanya kazi na watu wengine juu ya meza moja. Sitakuambia umwamini nani. Mimi mwenye nywele nyeupe nilimwamini mtu niliyemjua miaka ishirini na kumtwisha kosa langu mtoto aliyekuwa akinitii. Ninachoweza kukuambia ni kile nilichojifunza kwa gharama ya mtu mwingine: siku utakapokosea, utapewa nafasi fupi sana ya kusema, pengine fupi kama pumzi, na mtu mwingine atakuwa ameshaanza kulipa kabla hujajua kwamba imepita.

Kesho sitakusindikiza hadi mjini. Ulishangaa jana nilipokuambia hivyo, na mama yako alilazimika kusema kwamba goti linaniuma. Goti haliniumi. Kesho ni Jumatatu, na nimemwomba mwalimu mkuu anipe nafasi ya kusema kwenye gwaride la asubuhi. Nitasimama mbele ya wanafunzi wote na walimu wenzangu, nitaje jina la Kwamboka na jina langu, na niseme nani alifanya nini. Jina la Ratemo pia nitalitaja. Wengine watasema nimezeeka vibaya. Barua ya kumsafisha Kwamboka katika kumbukumbu za shule nimekwisha kuiandika, na nakala yake iko ndani ya bahasha hii, haijafungwa, uisome. Baada ya gwaride, kama watoto wale bado watataka kuingia stoo nikiwa nimeshika funguo, nitawafungulia. Kama hawatataka, nitampa funguo mwalimu mwingine.

Sikutaka niwe kando yako utakapofika Kisii. Ningekuwepo, ungelazimika kuchagua maneno ya kunihurumia, au ya kunichukia, na Kwamboka angelazimika kuniita Mwalimu.

Duka hufunguliwa saa mbili. Basi lako linaondoka saa nne.

Aliyekuzaa, na aliyechelewa,
Baba yako